Kustaafu kwa Unyenyekevu na Shukrani: Anza Ukiwa Bado na Cheo

Mtumishi wa umma wa Tanzania anaijua siku yake ya kustaafu tangu anapojaza fomu za ajira. Akifika miaka 55 anaruhusiwa kuondoka kwa hiari, akifika 60 anaondoka kwa lazima. Hata hivyo, kaa na wastaafu wapya wawili watatu kwenye foleni ya benki, utawasikia wakisema jambo hili limewajia ghafla. Tarehe waliijua. Kilichowashtua ni simu kunyamaza, dereva kutokuja asubuhi, na mlinzi aliyekuwa akikimbilia kufungua geti sasa anauliza, "Mzee, unamtafuta nani?"

Mwongozo huu nimemwandikia Mkristo aliye kati ya miaka 55 na 60, awe mwalimu, muuguzi, karani, afisa kilimo au mkurugenzi. Ofisi zetu zimechanganyika, kwa hiyo Mwislamu akiusoma atakuta mengi anayoyajua kwao pia.

Unyenyekevu hauletwi na barua ya kustaafu. Aliyevuliwa cheo hajanyenyekea, amevuliwa tu. Mnyenyekevu ni yule anayekishusha mwenyewe wakati bado angeweza kukikalia. Shukrani nazo ni hivyo hivyo. Ukimwendea mtu kumshukuru ungali na kiti na muhuri, anajua hukuja kuomba. Ukisubiri mpaka umeshatoka, atakupokea vizuri, lakini moyoni atakuwa anangoja useme shida yako. Ndiyo maana hatua karibu zote hapa chini ni za kufanya kabla ya siku yenyewe, na nyingine zinahitaji miaka.

Hatua ya 1: Kubali umri wako

Anza na tarehe ya kuzaliwa. Kuna mchezo tunaoufahamu wote: mtu akikaribia sitini anakumbuka kwamba kumbe alizaliwa miaka mitatu baadaye, anakwenda kuapa, anatafuta cheti kipya. Serikali inashikilia tarehe uliyoiandika ulipoajiriwa, kwa hiyo mara nyingi mchezo haufiki mbali. Lakini hata ungefika, ungekuwa unaingia uzeeni kwa uongo, halafu Jumapili unasimama kumshukuru Mungu kwa miaka aliyokupa. Miaka ipi sasa?

Fungua Hesabu 8:23–26. Ni sehemu chache mno katika Biblia zinazozungumzia kustaafu waziwazi, na hii ni mojawapo. Mlawi aliingia kazini akiwa na miaka 25, na akifika 50 aliacha utumishi. Soma na kinachofuata, maana wengi huishia hapo: baada ya miaka 50 hakufukuzwa hemani. Alibaki kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi, ila ile kazi yenyewe hakuifanya tena. Kwa maneno mengine, yupo, anafaa, lakini si yeye anayebeba. Mtu aliyezoea kubeba hana mtihani mgumu kuliko huo.

Andika tarehe yako ya kustaafu kwenye kipande cha karatasi, ukiweke katika Biblia yako kwenye Zaburi ya 90, penye ombi la kufundishwa kuzihesabu siku zetu. Kila Jumamosi jioni unapojiandaa kwa ibada, kitazame na uombe kwa sauti, maneno machache tu: "Bwana, kazi hii ulinipa, na siku hii nitairudisha." Ukiona unaruka kuyasema, ujue bado.

Na kwa kuwa imani haifuti makaratasi, wakati huohuo kusanya nyaraka zako: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa cheo ya mwisho, kitambulisho cha taifa, hati za mishahara. Notisi ya kustaafu hutolewa miezi sita kabla. Mstaafu anayezunguka na bahasha mwaka mzima akitafuta barua ya mwaka 1989 hana nafasi ya kushukuru. Anachoka na kuwa mchungu, na uchungu wake unaishia kwa mkewe.

Hatua ya 2: Shukuru kwa majina

"Namshukuru Mungu kwa yote" ni sala nzuri, lakini haimgharimu mtu chochote. Nunua daftari, hata lile la shule la mistari. Ligawe kwa vituo ulivyofanyia kazi, kimoja baada ya kingine, na chini ya kila kituo andika majina ya watu na walichokufanyia. Kwa ukamilifu. Usiandike "majirani wa kituo cha kwanza". Andika: mama wa nyumba ya pili, aliniletea uji wiki nzima nilipougua malaria. Andika: mwenye duka aliyenikopesha unga, sabuni na mafuta ya taa mshahara ulipochelewa, na hakuwahi kunidai mbele ya watu. Andika mhasibu aliyekufuatilia malimbikizo, mpiga chapa aliyesahihisha barua zako bila kukuaibisha, shemeji aliyekupa nauli ya kwenda kwenye usaili, dada wa kazi aliyelea watoto wako ili wewe uwahi kazini. Huyo wa mwisho ndiye husahaulika kuliko wote. Bila yeye pengine usingekuwa na cheo cha kukiacha.

Usikimbie. Kituo kimoja kwa mwezi kinatosha. Utaona kurasa za miaka ya mwanzo zinajaa upesi, na za miaka ya ukubwa zinakuwa nyeupe. Usidhani ni kwa sababu watu waliacha kukusaidia. Ulipopata cheo ulianza kuhesabu msaada wao kuwa ni wajibu wao. Jilazimishe kuzijaza hizo nyeupe.

Likishapata majina, anza kwenda. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa na mmoja tu, Msamaria, ndiye aliyerudi. Alirudi kwa miguu yake hadi miguuni pa Yesu. Hakutuma salamu. Nenda na wewe. Chukua sukari kilo mbili, majani ya chai, kanga au kitenge kama ni mama, ukakae kwenye kigoda chake useme jambo lenyewe: "Mwaka ule mlinipa chumba mwezi mzima bila kodi. Sijawahi kurudi kuwashukuru." Wengi watakwambia hata hawakumbuki. Waambie wewe unakumbuka. Usipige picha ya kuweka kwenye stetasi, na usikae hapo kueleza jinsi ulivyopanda hadi ukawa mkuu wa idara. Ukikuta amefariki, waambie watoto wake kile baba yao alichokufanyia. Pengine hawakuwahi kukisikia.

Walio mbali wapigie simu. Ujumbe wa maandishi ni wa mwisho kabisa, na kutuma pesa kimyakimya kwa simu bila neno lolote si shukrani. Mtu atadhani umekosea namba.

Waislamu wanaikumbuka ahadi iliyo katika Sura Ibrahim, aya ya 7, kwamba wanaoshukuru watazidishiwa. Sisi tuna Zaburi ya 103: usizisahau fadhili zake zote. Nami nadhani fadhili nyingi za Mungu zilitufikia kwa mikono ya watu wenye majina, na tukiwaruka wao hatujamshukuru yeye kisawasawa.

Hatua ya 3: Jihesabu kama Samweli

Hii ndiyo hatua inayoachwa. Katika 1 Samweli 12 nabii Samweli, mzee mwenye mvi, anawaaga Waisraeli. Hakuanza kwa kutaja mafanikio yake. Aliuliza: nimetwaa ng'ombe wa nani, au punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimemwonea nani? Nimepokea rushwa kwa nani? Akaahidi kurudisha. Hayo maswali aliyauliza mbele ya watu wote na mbele ya mfalme mpya.

Chukua maswali yake uyalete ofisini kwako. Posho ya safari ambayo hukusafiri. Masurufu uliyochukua na hukuyarejesha wala kuyaandikia marejesho. Kompyuta mpakato ya ofisi iliyoko chumbani kwa mwanao. Viti vinne vya plastiki vya ukumbini vilivyokwenda kwenye msiba na havikurudi. Mafuta ya gari. Mzazi aliyekuletea mbuzi ili mtoto apate nafasi. Andika kila kitu, kisha tafuta njia halali ya kukirudisha. Vitu virudi stoo kwa maandishi. Pesa za serikali zina utaratibu wake: mwone mhasibu, omba kumbukumbu namba ya malipo, lipa benki, tunza risiti. Zakayo alirudisha mara nne. Wewe anza na mara moja, lakini yote. Ikiwa jambo ni zito kiasi cha kuogopa sheria, zungumza kwanza na mchungaji au padre wako na mwanasheria, usilifiche kwa kutoa sadaka kubwa. Sadaka ya fedha ya dhuluma haimnyenyekezi mtu. Inampa tu kiti cha mbele.

Halafu kuna wale uliowaonea. Aliyenyimwa likizo. Aliyehamishiwa mbali kwa sababu alikujibu kwenye kikao. Yule ambaye faili lake la kupandishwa daraja lilikaa mezani kwako mpaka mwaka wa fedha ukaisha. Usimwite ofisini kwako, kwa kuwa ukiwa nyuma ya meza wewe bado ni bosi na yeye atasema amekusamehe apate kutoka. Mfuate alipo. Sema hivi: "Nilikunyima ruhusa mama yako akiwa anaumwa. Nilikosea. Naomba unisamehe." Nyamaza hapo. Ukiongeza "lakini unajua hali ya kazi ilivyokuwa," umeshaharibu. Akikasirika, msikilize mpaka amalize. Akikataa kusamehe, hilo ni lake na Mungu wake, na usirudi kumsumbua kila wiki ili roho yako itulie.

Fanya hili ukiwa bado kazini, kwa sababu moja ya kivitendo kabisa: dhuluma nyingine bado unaweza kuzirekebisha kwa kalamu yako mwenyewe. Kama faili la mtu limekwama, lisogeze leo. Toba inayosubiri mpaka muhuri umekwenda haimsaidii aliyeumizwa.

Hatua ya 4: Kishushe cheo kidogo kidogo

"Cheo ni dhamana," tuliimba katika ahadi za TANU na baadaye CCM, wengine bila kujua tunachoahidi. Sasa ndipo dhamana inarudishwa.

Soma Hesabu 27. Musa alipoambiwa kwamba hatavuka, hakuomba kuongezewa muda. Aliomba Mungu mwenyewe aweke mtu juu ya watu, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Akaambiwa amchukue Yoshua, amwekee mikono mbele ya mkutano wote, na aweke juu yake sehemu ya heshima yake. Zingatia: sehemu, na wakati Musa yupo hai, watu wanaona.

Mwaka mmoja au miwili kabla ya kuondoka, mwachie msaidizi wako kikao cha Jumatatu. Wewe uwepo, ukae pembeni, na usiseme kitu mpaka uulizwe. Mara ya kwanza utaona wanakosea kila dakika. Ng'ata ulimi. Kama kosa halimwumizi mtu wala halipotezi fedha ya umma, liache lipite. Mpe kukaimu kwa barua, si kwa mdomo, ili naye apate haki zake. Mfundishe yale ambayo hayamo kwenye mafaili: nani wa kumpigia maji yakikatika, diwani yupi ana hasira lakini ana ukweli, ripoti gani huchelewa kila mwaka na kwa nini. Kuna wakuu wanaoficha mambo haya ili wakumbukwe pindi mambo yakiharibika. Ni kiburi cha chinichini, na kinawaumiza wananchi.

Nje ya ofisi, jizoeze maisha yajayo. Siku moja ya wiki mpe dereva mapumziko, panda daladala. Beba mkoba wako mwenyewe. Simama kwenye foleni ya benki bila kumpigia meneja. Kanisani, kama una kiti chako kinachojulikana, kaa penye nafasi. Akikuita mtu "Mheshimiwa" kwenye jumuiya, mwambie kwa upole jina lako la ubatizo linatosha. Ila usifanye maigizo. Mkurugenzi anayefagia uwanja wa kanisa akiwa na mpiga picha amepanda tu cheo kingine.

Mfano mkubwa tunao. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, akarudi Butiama, akalima, akaendelea kuhudhuria misa kama mwumini mwingine yeyote. Wanaomsifu huwa hawataji kwamba uenyekiti wa chama aliendelea nao hadi 1990. Silitaji kwa kumshusha. Nalitaja kwa sababu linatufaa: hata yeye hakuachia yote siku moja. Maaskofu Wakatoliki nao, sheria ya kanisa lao inawataka kumwandikia Papa barua ya kung'atuka wanapofika miaka 75. Kardinali Polycarp Pengo alifika umri huo Agosti 2019, na mwezi huohuo jimbo kuu la Dar es Salaam likapata askofu mkuu mwingine. Kama kardinali anaandika barua, mimi na wewe ni nani.

Hatua ya 5: Pesa ya mkupuo

Hapa ndipo shukrani hupimwa, na ndipo wengi huanguka, wengine kwa kulalamika na wengine kwa majivuno.

Tuanze na manung'uniko. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu na sehemu anayolipwa kwa mkupuo, mara moja anapoondoka, kimewauma watu kweli. Desemba 2018 Rais Magufuli alisimamisha kile kilichotoa mkupuo wa asilimia 25. Kanuni zilizoanza Julai 2022 zikaweka asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikatangaza asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani, na 35 kwa lile lililokuwa likipata 25. Aliyepanga nyumba kwa hesabu ya 50 ana haki ya kusema. Aseme kupitia chama cha wafanyakazi, aandike, ahudhurie mikutano. Kushukuru hakumfanyi mtu bubu. Kinachoharibu roho ni kulifanya jambo hilo kuwa wimbo wa asubuhi na jioni, mpaka watoto wanaanza kuamini kwamba baba yao alifanya kazi miaka 35 akaibiwa yote.

Dawa ninayoijua ni kuhesabu kwa kalamu. Nenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, au NSSF kama uko sekta binafsi, uombe taarifa ya michango yako mapema, uone mapengo yarekebishwe. Kwa mtumishi wa umma, kila mwezi asilimia 5 ilitoka kwako na 15 kwa mwajiri. Tazama miezi yote ile. Ilitosha uwe na miezi 180 tu ili ustahili pensheni, na wewe una zaidi ya mara mbili. Kisha fikiria mtu uliyesoma naye darasa la saba, mkulima wa jembe la mkono au mama lishe, ambaye hana anayemchangia hata senti na atafanya kazi mpaka magoti yakatae. Usimwonee huruma ya juu juu. Mkumbuke tu unapotaka kusema huna kitu.

Kuhusu zaka, watu huuliza na majibu huwa mengi. Maoni yangu ni haya. Kama miaka yote ulitoa zaka kwenye mshahara kabla ya makato, ile asilimia 5 yako ulishaitolea. Sehemu ya mwajiri hujawahi kuigusa. Kama ulikuwa unatoa kwenye kilichobaki mkononi, basi hujatolea yoyote. Kaa na mwenzi wako, fanyeni hesabu, kubalianeni, mtoe kwa furaha na msitangaze. Usitoe kiapo kanisani siku pesa inapoingia. Na akitokea mhubiri anayekwambia upande mkupuo wote kama mbegu ili urudishiwe mara mia, mkimbie. Atakuwa amesikia tarehe yako kuliko alivyosikia sauti ya Mungu. Mwislamu aliyekusudia Hija anajua kwamba madeni hutangulia. Nasi tungefanya vizuri kuliiga hilo kabla ya kuahidi mabati ya kanisa.

Mwenzi wako ajue kiasi kamili. Kamili. Mume anayemficha mkewe mkupuo, kisha anaongoza sala ya shukrani mezani, anamshukuru nani? Watoto wajue kuna mpango, hata kama hawajui kiasi. Na kwa miezi sita ya kwanza usianzishe biashara ambayo hujawahi kuifanya. Hilo nalo ni unyenyekevu: kukubali kwamba kuongoza idara hakukufundishi kufuga kuku 1,000.

Hatua ya 6: Kuagwa, na ibada ya shukrani

Sherehe ya ofisini iache iwe yao. Usiunde kamati ya michango ya kukuaga wewe mwenyewe, na usiulize mwenzako aliyetangulia alipewa nini. Ukipewa godoro, pokea godoro. Hotuba isizidi dakika tano. Taja watu watatu au wanne kutoka kwenye lile daftari, hasa wa chini: mhudumu, mlinzi, dereva. Usitoe mawaidha kuhusu "vijana wa siku hizi". Mshukuru mwajiri, muombee anayechukua nafasi yako kwa jina, kaa chini.

Ibada ya shukrani ni jambo jingine, na ndiyo ninayoihimiza. Zungumza na mchungaji au paroko wiki kadhaa kabla. Omba iwe ndani ya ibada ya kawaida ya Jumapili, ili wale wasio na nauli ya kuja ukumbini wawepo. Hakuna haja ya MC, wala sare. Sadaka ya shukrani iwe na kitu ulichotoa jasho: mahindi ya shamba lako, mkungu wa ndizi, jogoo uliyemfuga.

Katika sharika zetu, ibada ikiisha vitu hivyo hutolewa nje kwa mnada. Nakuomba uwe mwangalifu sana na mnada. Hapo chini ya mti, mzee wa kanisa ameinua jogoo aliyefungwa miguu, anataja elfu kumi na tano, na watu wanageuka kukutazama wewe kwa kuwa habari za mkupuo zimeshaenea. Shetani wa mstaafu anakaa hapo. Ukisema laki moja utashangiliwa, watu watapiga vigelegele, na bibi aliyetaka yule jogoo kwa elfu kumi na sita atarudisha noti zake kwenye pindo la kanga. Tulia. Nunua papai au fungu la mboga kwa bei yake. Kama unataka kutoa laki moja, bahasha zipo.

Hatua ya 7: Miezi ya kwanza nyumbani

Kama wewe ni mume uliyeshinda ofisini miaka thelathini, nyumba hiyo ina mkuu wake tayari, naye hakustaafu. Usianze kukagua matumizi ya mkaa. Usihamishe makochi. Muulize kila asubuhi ni kazi gani umsaidie, kisha uifanye kwa namna yake. Mke aliyestaafu na kumkuta mume aliyezoea utulivu wake ana mtihani uleule upande wa pili. Salini pamoja asubuhi, sala fupi, na kila mmoja ataje jambo moja la jana la kushukuru ambalo mwenzake amelifanya. Mwanzoni mtaona haya. Yatapungua.

Ukirudi kijijini, kaa kwenye mikutano kwa muda mrefu kabla hujasema. Waliobaki waliendesha kijiji bila wewe, na wengine wamekuwa wakizika ndugu zako wakati wewe ukituma rambirambi kwa simu. Nenda misibani. Shika jembe la kaburi kadiri mgongo unavyoruhusu, au kaa na wazee mchome mahindi. Salimia vijana wasipokusalimia. Hawakujui.

Na huduma zitakuja kukutafuta. Kanisa linapenda wastaafu: wana muda, wanajua kuandika muhtasari, na inadhaniwa wana pesa. Kabla hujakubali, soma 2 Samweli 19 habari za Barzilai Mgileadi. Alikuwa na miaka 80. Alimlisha mfalme Daudi alipokuwa mkimbizi, na mfalme aliporudi madarakani akamwalika aje kukaa naye Yerusalemu. Barzilai akakataa kwa heshima, akasema aachwe arudi mjini kwake, na badala yake akamtoa kijana Kimhamu aende. Mzee aliyekuwa na haki ya kudai nafasi alimpa mwingine.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza usipokee uongozi wowote, si wa usharika, si wa ukoo, si wa chama cha kuweka na kukopa. Hudhuria tu. Baada ya hapo chukua jambo moja, na liwe la kusaidia zaidi kuliko la kuongoza: kufundisha watoto wa kipaimara kusoma, kuwapeleka wagonjwa kliniki, kukaa na wajane siku za kufuatilia mirathi mahakamani, maana wewe makaratasi unayaweza na wao wanazungushwa. Wakikujia na uenyekiti wa kamati ya ujenzi, wape jina la kijana mmoja unayemwamini, uwaambie wewe utakuwa unakuja kuwasaidia kuhesabu mifuko ya saruji.